Boraksi, asidi ya boriki au DOT: mbao za kenchi uziloweke kwenye nini?

Swali limetoka kwa msomaji anayejenga Bagamoyo, nalifupisha: "Shikamoo mwalimu. Mbao zangu za paini kutoka Mafinga zimeshuka saiti wiki iliyopita, ni nyeupe, hazijatiwa dawa na bado nzito zina maji. Ni 2 kwa 4 za kenchi, kuna na mbao za fremu, nguzo nne za kibaraza na za geti. Fundi anasema tupake oili chafu yaishe. Nimesikia dawa ya boroni ni nzuri na haina sumu kali, ila duka moja wana boraksi, lingine wana asidi ya boriki, na jamaa wa pembejeo ana mfuko wa mbolea ya boroni anasema ni kitu kile kile. Nichukue ipi, kiasi gani, na itazuia mchwa kweli?"

Marahaba kijana wangu. Kwanza mwambie fundi aweke hiyo oili pembeni kabla hajagusa hata ubao mmoja, tena leo hii, maana huko mbele utaona kwamba ukishapaka oili hii dawa nyingine yote unayoniuliza inakuwa haina pa kupita. Oili chafu inakaa juu juu, inanuka, inachafua jipsamu, inasaidia moto kushika, na katikati ya ubao ambako mchwa na wadudu wa kubungua ndiko wanakokula haifiki kabisa.

La pili, na hili ndilo jibu lenyewe, usianze na jina la pakiti. Anza na ubao utakaa wapi, alafu uliza ni boroni kiasi gani itakuwa imeingia ndani ya huo ubao siku unaupandisha juu. Watu wanabishana boraksi na asidi ya boriki mwaka mzima wakati wote wawili wamepaka kwa brashi mara moja kwenye mbao kavu, na hapo wote wawili hawajafanya kitu.

Tuanze na mahali. Dawa hizi za boreti, yaani zinazotokana na boroni, zinayeyuka kwenye maji, ndio uzuri wake na ndio ubaya wake. Zinaingia ndani ya ubao kwa sababu zinayeyuka, na zinatoka kwa sababu hiyo hiyo. Ubao ukiwa chini ya bati, haunyeshewi, haugusi udongo, boroni inakaa humo miaka na miaka. Ubao ukiwa nje unapigwa na mvua ya masika ya Bagamoyo, au umechimbiwa ardhini, boroni inaoshwa kidogo kidogo mpaka inaisha, haijalishi ulinunua ya aina gani wala kwa bei gani. Kwa hiyo kenchi ndio, mbao za dari ndio, fremu za milango ya ndani ndio, makabati na vitanda ndio kabisa. Nguzo za kibaraza na za geti hapana. Hizo nitazirudia, usizitumbukize humu.

Sasa hizo pakiti. Zote zinatokana na madini ya boroni, sehemu kubwa ya hazina ya dunia iko Uturuki na nyingine inachimbwa California kule Marekani, na tofauti yake kubwa kwako wewe ni mbili tu: kila kilo ina boroni kiasi gani, na maji yako yanaweza kuyeyusha kiasi gani. Geuza mfuko usome asilimia ya boroni, mara nyingi imeandikwa B. Ikiwa karibu 11.3 hiyo ni boraksi ya kawaida. Ikiwa karibu 15 ni boraksi iliyopunguzwa maji, wanaiita pentahaidreti. Ikiwa 17.5 ni asidi ya boriki. Ikiwa kati ya 20 na 21 na ni unga mweupe laini unaoyeyuka kwenye maji, hiyo ni di-sodiamu oktaboreti, watu wa mbao wanaiita DOT, na ndiyo iliyotengenezwa hasa kwa ajili ya kuyeyuka kwa wingi. Sasa huyo jamaa wa pembejeo hajakudanganya sana, zipo mbolea za boroni za kupulizia majani ambazo kikemia ni DOT hiyo hiyo. Ila zipo na mbolea za boroni ambazo ni punje za madini zisizoyeyuka vizuri, na zipo za maji maji zilizochanganywa na vitu vingine kwa ajili ya mmea, hizo achana nazo. Soma lebo, usisikilize mdomo. Na kama unafanya kazi ya kuuza mbao zilizotiwa dawa, sio nyumba yako mwenyewe, basi tumia bidhaa iliyosajiliwa kama dawa ya mbao, uliza mamlaka ya viuatilifu TPHPA, ukiwa Kenya ni PCPB, maana mfuko wa mbolea umesajiliwa kama mbolea.

Ukiambiwa kuna boreti ya zinki ujue hiyo inachanganywa kiwandani wakati wa kutengeneza bodi za vipande vya mbao, kwenye maji haiyeyuki vya kutosha, kwako haina kazi.

Kwenye kuyeyuka ndipo asidi ya boriki peke yake na boraksi peke yake zinapokwama. Maji ya nyuzijoto 20 yanabeba asidi ya boriki asilimia 4.7 hivi, ukiongeza inabaki chini ya pipa kama mchanga. Boraksi nayo ni hapo hapo karibu 4.7, na boroni yake ni ndogo zaidi. DOT kwenye maji hayo hayo inafika 9.5, na maji yakiwa nyuzi 30, ambayo kwa Bagamoyo pipa likikaa juani asubuhi tu umeshafika, inapanda mpaka karibu 22. Umeona huo mruko. Ndio maana mtu wa Mafinga akikuambia dawa yake inaganda asubuhi hajakosea kipimo, ni baridi tu, kwenye nyuzi 10 maji hayabebi hata asilimia 5.

Habari njema ni kwamba ukikosa DOT unaweza kuitengeneza mwenyewe kwa kuchanganya boraksi na asidi ya boriki, zikiwa pamoja zinasaidiana kuyeyuka kuliko kila moja ikiwa peke yake. Kipimo ni boraksi moja na nusu kwa asidi ya boriki moja kwa uzito, kwa uzito nasema sio kwa kopo, maana unga mmoja ni mzito kuliko mwingine. Wanaotibu mianzi duniani kote wanatumia mchanganyiko huu huu. Kwa hiyo swali lako la boraksi au asidi ya boriki, jibu ni zote mbili kwa pamoja, au DOT yenyewe.

Ipi rahisi kwa mfuko wako? Usilinganishe bei ya kilo kwa kilo. Kilo 1 ya DOT ina boroni sawa na kilo 1.85 ya boraksi, na sawa na kilo 1.2 hivi ya asidi ya boriki. Kama kilo ya DOT inauzwa chini ya bei ya boraksi gramu 925 na asidi ya boriki gramu 600 ukizijumlisha pamoja, chukua DOT bila kufikiria mara mbili, unapata boroni zaidi kwa shilingi hiyo hiyo na kazi ya kukoroga inapungua. Kama DOT ni ghali kupita hapo, chukua hizo mbili uchanganye, mbao hazitajua tofauti.

Sasa twende kwenye kitu ambacho wengi wanakiruka. Umesema mbao bado nzito zina maji, na nahisi umeniandikia kwa kusikitika, yaani ungetaka ziwe kavu. Kwa kazi hii una bahati! Boroni inatembea ndani ya ubao kwa kupitia maji yaliyomo kwenye ubao, kama vile papa wa ng'onda anavyotiwa chumvi akiwa mbichi, akishakauka chumvi inabaki juu ya ngozi. Ubao ukiwa mbichi kweli kweli, dawa uliyoiweka juu inasafiri yenyewe mpaka katikati bila mashine yoyote, inataka muda tu. Ubao ukishuka chini ya asilimia 25 hivi ya unyevu huo msafara unakaribia kusimama.

Kama huna mita ya unyevu fanya hivi, na ukifanye kabla hujanunua dawa. Chukua ubao mmoja, usikate ncha maana ncha imekauka, kata kipande cha vidole viwili katikati yake. Pima kwenye mizani ya jikoni, andika. Kikaushe kwenye oveni nyuzi 100 na kidogo hivi mpaka ukipima mara mbili uzito haushuki tena. Tuseme kilikuwa gramu 150 kikabaki 90, maji yaliyotoka ni 60, gawa kwa 90, unapata asilimia 67, hiyo ni mbichi safi. Ukipata juu ya 50 nenda moja kwa moja. Ukipata 30 bado inawezekana ila utaloweka muda mrefu zaidi. Jua la pwani linakausha ngozi ya ubao kwa siku chache tu, kwa hiyo leo hii zifunike mbao zako na turubai, usisubiri mpaka upate dawa.

Nikuonyeshe hesabu ili uone kwa nini kupaka au kuchovya na kutoa hakutoshi, maana fundi atakuambia "tutapulizia tu na solo ya shambani". Ubao wa 2 kwa 4 wa futi 12 una ujazo wa kama mita za ujazo 0.018, yaani mbao 55 ndio mita moja ya ujazo. Marekani, kule Hawaii ambako wana mchwa mkali sana wa Formosa, kiwango wanachotaka kwenye mbao za nyumba ni kilo 4.5 za boroni oksaidi kwa mita ya ujazo, ukiigeuza kuwa asidi ya boriki ni kama kilo 8. Kwa ubao wako mmoja hizo ni gramu 145. Sasa ubao uliopasuliwa kwa msumeno ukiuchovya na kuutoa unabeba juu yake kama robo lita ya maji ukipenda, mara nyingi chini ya hapo. Dawa yako ikiwa asilimia 5, robo lita hiyo ina gramu 12 hivi, 15 ukiwa na DOT. Unaona ulivyo mbali? Hiyo ni sehemu ya kumi. Viwandani wanaochovya na kutoa wanatumia dawa ya moto yenye nguvu ya asilimia 30 au 40, jambo ambalo wewe saiti huliwezi. Wewe unachoweza ni kuloweka siku kadhaa, ambapo boroni inaendelea kuhama kutoka kwenye maji kuingia kwenye ubao usiku na mchana.

Kwa hiyo chimba mtaro. Urefu mita 4 ili futi 12 ziingie kwa raha, upana sentimita 40, kina 30. Toa mawe na mizizi, tandika gunia au mchanga laini, juu yake nailoni nzito ile ya kuwekwa chini ya zege, mikunjo miwili, ikitoboka umeimwaga hela yako ardhini na umeua miti. Mtaro huo unapokea mbao 13 au 14 pamoja na lita 200 za dawa. Kati ya ubao na ubao weka vijiti vyembamba ili maji yapite, alafu juu weka mawe maana zitataka kuelea.

Dawa ya lita 200 kwa asilimia 10: DOT kilo 20, maji lita 180. Kwa mchanganyiko: boraksi kilo 18 na nusu, asidi ya boriki kilo 12, maji lita 170, maji ni machache kidogo kwa sababu boraksi yenyewe imebeba maji ndani yake. Chemsha maji nusu pipa, sio lazima yachemke, yawe ya moto tu, tia boraksi kwanza ukiwa unakoroga, alafu asidi ya boriki, ikishakuwa maji meupe yasiyo na ukungu ndio unaongeza maji yaliyobaki. Ukiona chini kuna mashapo hujamaliza, ongeza joto. Ukitaka nguvu ya asilimia 15 kwa joto la Bagamoyo itayeyuka, na kama mbao zako zimeshaanza kukauka ningekushauri uende huko.

Loweka siku 5 mpaka 7 kwa mbao za inchi mbili mbichi. Na kata vipande vya kenchi KABLA ya kuloweka, huu ndio ushauri ambao mafundi wanaupinga sana kwa sababu wamezoea kukatia juu, lakini kila ukikata ubao uliotibiwa unafungua sehemu ambayo dawa ni chache, na mchwa anaingilia hapo hapo kwenye ncha inayokaa juu ya ukuta. Kama lazima ukatie juu, weka ndoo ndogo ya dawa kali na brashi, kila ncha mpya ipakwe mara mbili tatu palepale kabla haijapigwa msumari.

Ukitoa mbao usianike. Zipange zikiwa zimebanana bila nafasi, zifunge na nailoni pande zote, ziweke kivulini, ziachie. Hapo ndipo boroni inamalizia safari ya kwenda katikati. Wanaochovya tu na kutoa wanaacha wiki nne kwa ubao wa inchi moja na wiki nane kwa inchi mbili, wewe kwa kuwa umeloweka unaweza kwenda na wiki tatu nne, ujenzi wako hautakwama sana, tumia muda huo kupandisha kozi na kufunga lenta. Tatizo litakalokuja humo ndani ya nailoni ni ukungu, paini mbichi iliyofungwa kwenye joto inaota ukungu na kupata rangi ya bluu, na boroni kwa ukungu wa juu sio hodari. Bluu haipunguzi nguvu ya kenchi kwa kiasi cha kukutisha, ni sura tu, ila kwa mbao za kuonekana kama dari ya mbao weka na dawa ya ukungu ya mbao kwenye mtaro kama inasema kwenye lebo inachanganyika na boreti.

Alafu ratiba ya bati. Tafadhali usipandishe kenchi ukakaa miezi miwili unasubiri hela ya bati, nimeona nyumba nyingi za hivyo, mvua inakuja inaosha kila kitu ulichokilipia. Mbao zikae zimefungwa chini mpaka bati liko saiti.

Mkupuo wa kwanza ukitoka dawa itakuwa imepungua nguvu, sio wingi tu, kwa sababu boroni imehamia kwenye mbao na maji ya kwenye mbao yametoka. Njia rahisi ya kufuatilia: mwanzoni jaza chupa ya lita moja, ipime kwa mizani ya gramu, andika uzito. Kila baada ya mkupuo jaza chupa ile ile saa ile ile ya siku, pima, ikishuka yeyusha dawa zaidi kwenye ndoo ya maji moto uongeze mpaka uzito urudi.

Utajuaje imeingia? Hii naipenda sana na wengi hawaijui: manjano. Manjano ya jikoni yakikutana na boroni kwenye asidi yanageuka mekundu. Unaloweka gramu 10 za manjano kwenye spiriti safi ya gramu 90 hivi, unaacha, unachuja maji ya njano. Ubao wako baada ya kukaa kwenye nailoni unakata kipande katikati ya urefu wake, unaacha kikauke, unapaka hayo maji ya njano kwenye uso uliokatwa. Kikikauka unapaka dawa ya pili, ambayo ni asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa kwenye spiriti pamoja na asidi ya salisiliki. Hii ya pili usiitengeneze jikoni, mpelekee mwalimu wa kemia wa sekondari ya jirani au mtu wa maabara, ni kazi ya dakika chache kwake. Subiri kidogo, palipo na boroni ya kutosha panakuwa pekundu, pasipo na kitu panabaki njano. Ukiona pete nyekundu ya milimita tano na katikati yote njano, rudisha nailoni, au kama mbao zilikuwa kavu rudisha mtaroni. Ukiona wekundu mpaka katikati, piga kenchi ulale. Jaribio hili pia litakusaidia siku ukiuziwa mbao mtu akakuapia kwamba "zimewekwa boroni", maana boroni haina rangi, haina harufu, kwa macho huwezi kujua.

Kuhusu mchwa sasa, umeuliza kweli itazuia? Nitakujibu kwa ukweli wote. Kwa wadudu wanaobungua mbao kavu na kuacha unga mweupe chini ya kitanda, boroni ni dawa nzuri mno, Australia waliifanyia kazi kwa wadudu hao tangu miaka ya 1930 mwishoni. Kwa kuoza pia ni nzuri. New Zealand waliitumia kwa fremu za nyumba tangu miaka ya 1950, mwaka 1995 wakaruhusu paini iliyokaushwa bila dawa, nyumba zikavuja, fremu zikaoza ndani ya kuta kwa wingi wa kutisha, na kufikia 2004 wakarudisha sharti la dawa. Kwa mchwa boroni inaua lakini haimfukuzi. Mchwa hasikii harufu yake, anakuja, anaonja, anakufa polepole, na kwa hiyo anaweza kung'ata ngozi ya juu ya ubao kidogo kabla hajaacha. Na kibaya zaidi anaweza kujenga njia yake ya udongo kupita JUU ya ubao uliotibiwa akaenda kula kabati la jirani ambalo halikutibiwa. Kwa hiyo kenchi za boroni hazikuondolei kazi ya chini: dawa ya udongo kabla ya kumwaga zege, kuondoa visiki na mabaki ya mbao za kufungia zege kwenye kifusi (hapa mafundi wanafukia vipande kibao, hicho ni chakula cha mchwa umemkaribisha mwenyewe), na kuacha sehemu ya msingi ionekane ili njia za udongo uzione mapema. Hayo yakifanyika pamoja na boroni, paa lako liko salama.

Mbao za fremu, kama ni paini fanya kama kenchi. Kama ni mninga au mvule usihangaike kuloweka kiini chake, kile cheusi cha ndani kina kinga yake na dawa haiingii kirahisi, lakini angalia ile sehemu nyeupe ya nje ya mti, hiyo ndiyo inayobunguliwa hata kwenye mbao za bei mbaya. Fundi mwaminifu anaikata aitupe, asiyetaka kuitupa basi ailoweke. Kabla ya vanishi subiri ikauke kabisa na futa ule unga mweupe unaojitokeza juu na kitambaa kibichi, ukipaka vanishi juu ya unga inabanduka.

Kwa mbao zilizo tayari juu ya nyumba, kavu, hapo ndipo kupaka na kupulizia kunahusika kwa sababu hamna namna nyingine. Tumia DOT ya asilimia 15 mara moja au 10 mara mbili, ukiacha siku katikati, zipo na za viwandani zilizochanganywa na glaikoli ambazo zinapenya zaidi kwenye mbao kavu na kwa kazi hii moja zinastahili bei yake. Zikiwa zimepakwa rangi au oili, kwangua kwanza mpaka uone mti.

Sasa nguzo zako. Nunua zilizotiwa dawa kwa mashine ya presha, zile za kijani, CCA, yenye shaba, kromiamu na aseniki. Dawa hiyo inashikana na mti, haioshwi kama boroni, kwa nguzo ya ardhini inafanya kazi. Kata ncha ya nguzo moja kabla ya kulipa, kijani kiwe kimeingia ndani vizuri kwenye sehemu yote nyeupe ya mti, kikiwa kama rangi ya ukucha tu juu imechovywa hiyo, iache. Lakini ina aseniki, Marekani viwanda viliacha kuitumia kwa mbao za makazi mwisho wa 2003, kwa hiyo isiwe meza ya kulia, isiwe bembea ya watoto, isiwe banda la kuku wanapodonoa, na vile vipande vinavyobaki nakuomba sana visiende kwa mama ntilie kuwa kuni. Moshi wake na majivu yake ni sumu. Vifukie mbali na kisima. Usipotaka CCA kabisa, nguzo za kibaraza ziinue juu ya kiatu cha chuma kilichozamishwa kwenye zege ili mti usiguse ardhi, na paa la kibaraza litokeze ya kutosha kuzikinga mvua, hapo hata mti wa kawaida unakaa.

Usalama wa boroni yenyewe: ni kweli haina ukali wa aseniki, ila sio chumvi ya kula, na Ulaya wameiweka kwenye kundi la vitu vinavyoweza kudhuru uzazi. Vaa glavu na barakoa wakati wa kumwaga unga, kwa sababu vumbi lake ndio njia rahisi ya kuingia mwilini. Mama mjamzito asikoroge. Ndoo na mwiko wa kazi hii visirudi jikoni hata vikioshwa, na mtaro uzungushie kitu usiku, mbuzi na watoto wa jirani wasije kunywa maji meupe yasiyo na harufu.

Ukimaliza mbao zote kutabaki dawa mtaroni. Usimwage kwenye mwembe wala mlimao, boroni kidogo ni mbolea lakini ikizidi inaunguza majani kuanzia kwenye kingo na mti unaweza kufa, na miti ya matunda ndiyo haivumilii. Jaza kwenye madumu, andika kwa maki peni kubwa DAWA YA MBAO, weka juu mbali na watoto, itafaa kwa ncha ulizokata na kwa kitanda cha kwanza utakachochonga. Haiharibiki ikikaa, ikiganda chini iweke juani ukoroge. Kama mfuko utakaoupata una asilimia ambayo sijaitaja hapa, niandikie kilichoandikwa kwenye lebo chote kama kilivyo, pamoja na uzito wa kile kipande chako kabla na baada ya oveni, nikupigie hesabu ya mbao zako.